Laana ya Mtu Mwenye Kiu

Kyuso, Jumapili alasiri

Mwende mwanangu,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Lakini wewe nimekuona leo asubuhi ukifunga sanduku lako kwa kamba ya katani, mzima kabisa isipokuwa macho, na mimi siwezi kukuandikia ati sijambo, kwa sababu hilo ndilo jambo lenyewe. Basi salamu tuziache. Sasa hivi uko kanisani na shangazi yako Syombua na Kanini, mke wa kaka yako, unaombewa safari ya kesho. Mimi nilisema miguu inaniuma. Haiumi. Nilitaka nyumba ibaki tupu niandike kabla hamjarudi.

Najua utacheka, mtu kumwandikia barua mtoto anayelala chumba cha pili! Lakini unatujua sisi. Baba haketi na binti yake akaanza kumweleza habari za haja ndogo. Afadhali nirudi spitali. Na nakuandikia kwa Kiswahili, lugha niliyojifunzia sokoni nikinunua mbuzi, kwa sababu kwa Kikamba neno ninalotaka kulishika ni kĩumo, na neno hilo kwangu ni sufuria iliyotoka motoni sasa hivi. Kwa Kiswahili nalishika kwa kitambaa. Laana. Unaona, nimeliandika.

Sitakuambia ule nini huko koleji wala uandamane na nani. Syombua amekuambia hayo wiki nzima, na mengine amekuambia mara mbili akidhani hukusikia. Mimi nina jambo moja tu.

Ijumaa nilikuwa nimelala, au mlidhani nimelala, nikakusikia jikoni ukimwambia Kanini, "Mimi naenda kusoma, lakini naenda na neno la baba mgongoni." Kanini akasema, "Wacha bwana, hiyo ilikuwa homa." Nawe ukamjibu polepole, "Homa haimfundishi mtu maneno ambayo hana."

Mwende, maneno hayo yaliniingia. Niligeukia ukutani nikalia, mzee mzima.

Kwanza ujue kwamba mimi sikumbuki. Sisemi hivyo ili nikwepe. Nimetafuta kichwani kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchanga wa mto, na hakuna kitu. Nakumbuka vipande tu. Nakumbuka siafu wakitembea kwenye blanketi, nami nawaokota mmoja mmoja. Nakumbuka watu wenye kofia wakitoa mbuzi zangu bomani, na mtu wa kwetu akiwafungulia. Mtu huyo hakuwa na uso. Mengine nimeambiwa na Syombua, na unajua Syombua akisimulia hapunguzi kitu.

Amesema ilikuwa jioni, umerudi na mbuzi, umeshika lango la boma unalivuta. Mimi nikatoka nyumbani bila uzi mwilini. Nikasimama mbele yako na mbele ya majirani waliokuwa wakitoka kisimani, nikakunyooshea kidole, nikasema, "Anayefungua lango hili asizae wa kumfungia."

Basi. Nimeliandika lote.

Na mimi ni Mkamba, sihitaji mtu anifafanulie. Neno la mzazi peke yake linatosha kumnyima mtu usingizi. Neno la mzazi aliyevua nguo mbele ya mtoto wake, hilo hata wachungaji wa kanisa wakilisikia hunyamaza kwanza. Wazee wa kanisa walikuja wakaniombea wakisema ni pepo. Syombua akasema ni mizimu ya kwetu inataka mbuzi. Wewe ukasema, "Baba ni mgonjwa," ukaenda sokoni kumwita Abdi aje na pikapu yake ya mbuzi. Uliyetukanwa ndiye uliyenipeleka. Siku nikifa, hilo watu walitaje.

Sasa nisikilize nikuambie daktari aliniambia nini, kwa sababu wewe hukusikia. Waliponilaza na kuanza kunishughulikia ulitoka nje kwa heshima, na nilipopata akili hukuuliza, nami niliona aibu kukuambia.

Mambo yalianza zamani kabla ya siafu. Mkojo wangu ulikuwa umeanza kukataa. (Haya, nimelitaja. Mungu anisamehe.) Usiku naamka, nasimama nyuma ya boma, nangoja, yanatoka matone. Nalala kidogo, naamka tena. Halafu kuna ule usiku nilioanguka mlangoni. Kanini alitoka, akaniona niko chini na shuka limenitoka, akageuza uso. Hangeweza kunishika, na mimi nisingetaka anishike, mke wa mwanangu! Tukakaa hivyo, mimi nimelala chini nikitazama nyota, yeye amesimama akitazama ukuta na kukuita wewe, mpaka ulipoamka. Nilitamani ardhi inifunike.

Kuanzia siku hiyo nikajiamulia mwenyewe: kisichoingia hakitatoka. Nikaacha maji. Chai ya asubuhi nusu kikombe, basi. Uji ulioniletea nilingoja wewe ugeuke, naumwaga dirishani. Ule mpapai mlioshangaa unastawi wakati wa kiangazi, mkasema ni muujiza, ulikuwa unakunywa uji wangu. Na nilijisifu. Nilijiona mjanja. Niliona pia nawapunguzia nyinyi safari za kisimani na punda, maana maji yetu ni ya jasho.

Kisha nikashikwa na mafua, nikanunua dukani vile vidonge vidogo vya manjano vinavyoleta usingizi. Vilinikausha pua nikavipenda. Nikawa nameza asubuhi, mchana na jioni, na kimoja cha kulalia.

Daktari alikuwa kijana, ana sauti ya chini, na alipoona mimi ni wa kuuliza akavuta kiti. Kwanza walikuwa wamenipitishia mpira mwembamba, na mkojo uliotoka, aliniambia, ungejaza ndoo ndogo. Nikamwambia, "Daktari, mimi nilikuwa nakojoa." Akasema, "Mzee, hiyo ilikuwa ya kufurika tu. Kibofu ilikuwa imejaa mpaka juu."

Nikamuuliza ni ugonjwa gani unaomfanya mtu aone siafu. Akasema, "Si kitu moja. Ni vitu vingi vimekutana kwako siku moja." Akanihesabia kwa vidole. Kuna tezi ya wanaume chini ya kibofu, ikizeeka inavimba na kubana njia. Mkojo ukikaa unaoza, wadudu wa ugonjwa wanazaliana, wanaingia kwenye damu, homa inapanda. Hapo figo zinashindwa kusafisha, uchafu unarudi mwilini. Maji nimeyaacha, kwa hivyo damu imekuwa nzito na chumvi ya mwili imevurugika, na ubongo hauwezi kufanya kazi na chumvi iliyovurugika. Halafu juu ya hayo yote vidonge vya mafua. Akasema dawa ile inayokausha pua haijui pua ni nini. Inakausha kila mahali, inakilegeza kibofu kisiweze kusukuma, na ndani ya ubongo inazuia ile kemikali ambayo ubongo unatumia kushika mawazo na kujua uko wapi. Kijana akimeza anasinzia tu. Mzee akimeza anapotea.

"Kwa hivyo mimi sina wazimu," nikasema.

"Hapana. Wazimu haiji hivyo, kwa siku mbili tatu, asubuhi uko sawa na jioni umepotea. Hii inaitwa kuchanganyikiwa ya ghafla. Tunatafuta kilichoileta, tunakitoa, na akili inarudi. Mara nyingi inarudi."

Mara nyingi. Nililisikia hilo neno dogo, Mwende.

Na sasa nikuambie kitu kitakachokukasirisha, kwa sababu mimi kilinikasirisha. Mambo hayo nilikuwa nayajua! Nimeuza mbuzi maisha yangu yote. Mbuzi dume aliyehasiwa akizibwa mkojo, utamwona anasimama pembeni, hali, anasaga meno, halafu anazubaa, anaenda kugonga kichwa kwenye nguzo kana kwamba haioni. Mnunuzi mgeni husema amerogwa. Mimi nainama nyuma yake natazama kama chini pamelowa. Nimewaambia watu wa soko la Tulia na Kyuso yote, tazameni chini, wacheni kutazama kichwa. Halafu mimi mwenyewe nikazibwa, na nyumba nzima ikabaki kutazama kichwa changu. Ningekuwa mbuzi ningepona mapema.

Nilimuuliza daktari swali moja la mwisho. Nilimwambia, "Mtu akiwa katika hali hiyo akamlaani mtoto wake, hiyo ni laana au si laana?" Aliinamisha kichwa. Jina lake lilikuwa la kwetu, alielewa vizuri nauliza nini. Akasema, "Mzee, hiyo haiko kwa kitabu yetu." Akanifunika miguu na shuka akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Basi hapo ndipo nilipo. Wazee wa kanisa wanasema mtu aliyeokoka hana laana, hivyo hakuna cha kuondoa. Syombua anasema laana iko, lakini anayeiondoa ni aliyeitoa, na lazima aseme nilisema hivi kwa sababu hii na sasa naondoa. Na mimi sikusema kwa sababu yoyote! Nitaondoaje kitu ambacho sikukiweka? Nimekaa siku nyingi na jambo hili, naligeuza huku na huku, na sipati mahali pa kulishika.

Lakini neno lako la jikoni lilikuwa kweli, na sitakuficha. Ni kama uliuliza maneno yale yalitoka wapi kama hayakuwa yangu. Nimejiuliza pia. Barua yako ya koleji ilipokuja nilicheka, nikamwambia kila mtu sokoni, nikamkatia Abdi bei ya mbuzi kwa furaha. Usiku nikawa najiuliza ni nani sasa atafunga lango jioni. Mama yako alikuwa analifunga, akafa; ukalishika wewe. Kaka yako yuko kule mji wa Salama anatengeneza magari ya watu wa barabarani, anakuja Krismasi. Nilikuwa na uchungu, Mwende, uchungu wa kitoto kabisa, na niliumeza kwa sababu ni aibu baba kumwonea mtoto uchungu wa bahati yake. Uchungu huo ulikuwa wangu. Nauandika hapa ni wangu. Lakini laana haikuwa yangu. Nadhani homa iliingia nyumbani gizani, ikapapasa, ikashika kilichokuwa karibu na mlango.

Abdi alikuja kunisalimia juzi wewe ukiwa mtoni. Nikamuuliza nilisema nini ndani ya gari lake. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Mzee, uliniita mwizi kutoka hapa mpaka spitali. Ulisema nimekuibia mbuzi hamsini na mke mmoja. Na mimi nakuendesha bure!" Nikamwomba msamaha. Akasema, "Msamaha wa nini? Wewe hukuwa ndani."

Hukuwa ndani. Namshukuru Abdi kwa neno hilo. Ila yeye si mtoto wangu, kwake ni rahisi.

Sasa nitakuambia jambo ambalo hata mama yako hakulijua lote. Babu yako, baba yangu, alikufa nikiwa kijana ambaye hajaoa, mwaka wa kiangazi kikali. Alilala kitandani siku kadhaa akiita ng'ombe waliokufa zamani, mmoja mmoja kwa majina. Walinituma nimshike mkono, maana nilikuwa mtoto wake wa kwanza wa kiume. Nikamshika. Akanitazama usoni, akatazama vizuri, akasema, "Huyu si wangu. Mtoeni." Wakanitoa. Alikufa kesho yake.

Hakuna aliyeninyima kitu. Nilipata ng'ombe wangu kama ndugu zangu. Lakini watu walisema anayekufa hadanganyi, nami nikalibeba neno hilo. Nimelibeba nikioa. Nimelibeba nikikushika wewe mara ya kwanza, nikimuuliza mama yako mtoto anafanana na nani, naye akidhani ni maneno ya furaha. Mzee mmoja akinitazama sana sokoni nilijiuliza kama anajua kitu. Unafikiri kwa nini nina hasira za haraka? Unafikiri kwa nini nilikuwa nawachapa mkisema uongo, hata uongo mdogo? Nilikuwa naogopa nyumba yenye siri.

Na nilipokuwa nimelala pale spitali, maji yakiingia mkononi kwa mpira, nikaikumbuka midomo yake. Ilikuwa imepasuka. Ulimi wake ulikuwa umekauka mpaka ukawa unatoa sauti anaposema. Tulikuwa tumemnyima maji kwa sababu alikuwa akilowesha kitanda na wageni walikuwa wamejaa nyumbani. Tulimwonea aibu. Mwende, labda baba yangu alikuwa na kiu tu. Labda hakunikana. Labda alikuwa anatafuta mtu wa kumpa kikombe, akaniona nimeshika mkono wake na mkono wangu mwingine hauna kitu.

Sitajua. Siwezi kumpelekea maji sasa. Nimekaa hapa na kalamu, na hilo linaniuma kuliko mpira walioniwekea.

Ndiyo maana sitaki uondoke hivi. Najua neno la namna hiyo linavyotembea na mtu. Linakaa kimya miaka, halafu siku mtoto wako akichelewa kuja, au siku mimba ikitoka, linainuka linasema, nilikuwepo. Na hiyo siku mimi nitakuwa nimekwisha kufa au nimepotea tena, na hutakuwa na wa kumuuliza.

Maana naweza kupotea tena. Daktari hakunificha. Tezi bado iko, nangoja kuitwa kupasuliwa, na akasema ubongo uliopotea mara moja hupotea upesi mara ya pili, hata kwa homa ndogo, hata kwa kufunga choo, hata kwa kulala kitanda cha ugenini. Siwezi kukuahidi akili yangu. Nimejaribu kutafuta namna ya kukuahidi nikakosa. Kwa hivyo shika hili: ukirudi ukanikuta nakutukana, au nimenyamaza tu natazama ukuta na kuchunachuna blanketi, usinisikilize na usiniamini. Nipe maji. Tazama kama nimekojoa. Uliza nimemeza nini. Ukimaliza hayo yote na maji yamekaa tumboni na homa imeshuka, na bado nakutukana, hapo sasa kasirika.

Nasikia wimbo wa mwisho huko kanisani, upepo unauleta. Nitaiweka barua hii chini ya kikombe changu cha bati, mahali unapokichukua kila jioni.

Kesho asubuhi, kabla hujavaa viatu vya safari, nijazie kikombe hicho maji ya mtungi uniletee. Nitakunywa mbele yako, yote, nawe utaona hakuna tone linalokwenda kwa mpapai. Funda la mwisho sitalimeza. Nyoosha viganja nikutemee humo. Wazee wetu walibariki hivyo, na mimi mwenyewe nilisimama kanisani nikaita mambo hayo ushenzi, na watu wakasema amina. Sasa sina kingine. Kama wachungaji wana neno, waje waniulize, nitakuwa nyumbani.

Ukija bila kikombe nitaelewa, sitauliza, na bado nitakusindikiza. Lakini sanduku lako usilipitishe langoni kabla sijafika. Nimelifikiria sana jambo hili na ndilo pekee nililopata. Laana ile ilisema anayefungua lango. Kesho usiliguse. Nitalivuta mimi mwenyewe, na miiba yake yote, wewe upite kwenye lango lililokwisha kufunguliwa. Kama neno lile lina meno, na liniume mimi. Litakuwa limechelewa. Mimi nimekwisha kuzaa. Nimekuzaa wewe.

Baba yako